Paka kwenye fleti? Angalia dirisha kwanza

Jamani, kabla hujabeba kapaka ukakapandisha ghorofani, kagua madirisha. Tunajua paka akianguka anatua kwa miguu, sawa, ila toka ghorofa ya 4 anaweza kufika chini taya limevunjika, na ule wavu wa mbu wa plastiki anauchana kwa kucha tu, wangu aliufungua kwenye kona akawa ametoa kichwa nje anaangalia kunguru, moyo ulinilipuka. Nikaweka wavu wa chuma ndo nikapata usingizi.

La pili ni mavi, tuseme ukweli. Beseni la mchanga linazolewa kila siku, ukiruka siku 2 na joto hili la Dar jirani anagonga mlango, na kama ndani kuna mjamzito basi hiyo kazi afanye mwingine sababu ya toksoplazma, kijidudu cha kwenye mavi ya paka kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Dume mhasi mapema, miezi 5 au 6 hivi, la sivyo anakojolea mpaka kochi. Mwenye nyumba muulize kabla, sio baada. Na kama kila wikendi uko safarini na huna wa kumwachia funguo, subiri kwanza, huyo anaweza kufika miaka 15.