Kuni za masika hukatwa kiangazi

Familia nyingi za mashamba Pemba, kuanzia Konde mpaka Kengeja, bado hupikia kuni. Kwa maoni yangu, mkulima hana sababu ya kuona haya kwa hilo, ilimradi kuni ziwe kavu na zitoke shambani kwake. Madhara yako kwenye kuni mbichi, na zaidi kwenye mkaa.

Tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 7 za kuni, pengine zaidi, kutoa kilo 1 ya mkaa. Kilo hiyo ina joto la kama mara 2 tu ya kilo 1 ya kuni kavu, kwa hiyo zaidi ya nusu ya joto la mti limeshapotea kabla hujakoka moto. Mwenye miti yake akichoma mkaa wa kupikia nyumbani, anajipunja mwenyewe. Tena hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi. Tafadhali, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mlango na madirisha yakafungwa, hata kama ni kwa ajili ya kumpasha joto mzazi na mtoto wake mchanga.

Turudi kwenye kuni. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia jikoni, moto unafanya kwanza kazi ya kuyachemsha maji hayo, ndipo ufikie chungu. Huku mama na watoto wanavuta moshi unaoharibu mapafu na macho. Ndiyo maana nasisitiza: kata na upasue Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua ni kali, ili masika ya Machi hadi Mei ikukute na akiba. Pasua vipande vya unene wa kifundo cha mkono. Vipange juu ya chanja, visiguse ardhi, paa la makuti juu na pembeni wazi upepo upite. Kuni iliyokauka ina nyufa kwenye ncha, ganda lake hubanduka, na ukigonga vipande viwili vinalia, havitoi sauti nzito.

Shamba la minazi lina nishati ambayo wengi wanaiacha ioze. Vifuu vikavu vinatoa moto mkali, vinafaa kuanzishia chungu cha kunde au mbaazi. Makumbi yana moshi mwingi, yatumie nje. Matawi makavu ya mkarafuu ni kuni nzuri, ila mkarafuu mzima usiguswe kwa ajili ya jiko.

Wala usiende mikokoni. Najua mkandaa na mkoko vinawaka vizuri mno, lakini tuna mabonde ya mpunga yaliyokwisha kuingiliwa na maji ya chumvi, na ufukwe ukiachwa mtupu bahari inapata njia nyepesi. Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996 nayo inakutaka uwe na kibali.

Badala yake, tenga robo eka. Kwa nafasi ya mita 2 kwa 2 inaingia miche kama 250. Mvinje unapenda mchanga wa pwani na kuni zake ni nzito, ila ukishaukata hauchipui vizuri, inabidi upande tena. Glirisidia huchipua kila ukikata, na majani yake ni mbolea na malisho ya mbuzi; yanyaushe kidogo kwanza. Panda mvua za mwanzo za masika zinaposhika, ukate kwa zamu, sehemu moja kila mwaka.

Mwenye ng'ombe wawili wakubwa wanaolishwa bandani afikirie gesi ya samadi. Ng'ombe wa kufungwa kamba malishoni hawatoshi, maana kinyesi kingi kinabaki huko huko.

Gesi ya mtungi naishauri kama msaidizi: chai ya alfajiri, daku la Ramadhani, uji wa mgonjwa. Mtungi wa kilo 6 ukitumika hivyo hukaa muda mrefu. Kagua maungio ya mpira kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujilaza sakafuni. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango, na kila mtu atoke nje.