Kusafisha picha za CBCT za nyonga: malizana na gesi kabla ya kufunza mtandao

"Shikamoo kaka. Mbona U-Net yangu inachora gesi kwenye puru wakati kwenye CBCT haipo?" Kijana anayesomea fizikia ya tiba, yuko Iringa, alinitumia swali hilo na picha ya skrini. U-Net ni aina ya mtandao wa neva, programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano ya picha. Tulilimaliza kwa sauti za WhatsApp, mimi nikiwa Uyole na baridi yake. Kwa kuwa si yeye peke yake anayekwama hapo, naandika tulivyofanya.

Kwanza kwa wageni wa jambo hili. CBCT ni aina ya picha ya CT (picha ya eksirei ya ndani ya mwili, kipande kwa kipande) inayopigwa na mashine ya tiba ya mionzi mgonjwa akiwa tayari amelala mezani, ili ionekane kibofu, puru na uvimbe vimekaaje siku hiyo. Ukitaka kubadilisha mpango wa tiba kulingana na hali ya siku, picha hiyo lazima iwe na namba za kuaminika, maana dozi hukokotolewa kutokana na vizio vya Hounsfield: hewa -1000, maji 0. Nyonga ni sugu. Mwili hapo ni mpana, miale mingi hutawanyika na kukifikia kigunduzi ovyo, hivyo katikati ya picha huwa na giza kuliko pembeni. Tena mzunguko mmoja huchukua kama dakika nzima. Gesi ikisogea ndani ya utumbo kwa muda huo, michirizi hutapakaa kila mahali. Kwa hiyo tunaufunza mtandao uigeuze CBCT iwe na namba kama za CT safi iliyopigwa wakati wa kupanga tiba.

Hatua ya 1: Pata jozi za picha

Chukua SynthRAD2023, seti ya wazi ya picha za wagonjwa, kutoka Zenodo, hazina ya data ya mtandaoni. Unataka kazi ya pili, yaani CBCT kwenda CT, na nyonga tu: jozi 180 za mafunzo kutoka vituo vitatu vya Uholanzi. Pakua usiku bando likiwa rahisi, kwa programu inayoweza kuendelea ilipokatikia. Python na SimpleITK (maktaba yake ya kusomea picha za kitiba) nadhani unazo.

Hatua ya 2: Zitazame kwa macho

Fungua jozi kadhaa kwenye 3D Slicer, programu ya kutazamia picha za kitiba, weka CT juu ya CBCT, sogeza kitelezi huku na huku. Mimi situmii kitu kingine kwa kazi hii.

Wapo wanaogeuza kila kitu kuwa PNG ya biti 8 ili faili ziwe nyepesi. Usifanye. Ukiminya namba kutoka -1000 hadi 3000 ziingie ngazi 256, kila ngazi inabeba vizio kama 16. Tofauti ya mkojo na misuli inabaki ngazi mbili tatu, na hiyo ndiyo tofauti unayoitafuta. Baki na nii.gz, aina ya faili ambayo data huja nayo.

Hatua ya 3: Weka namba sawa

Kata CT kati ya -1000 na 2000, kisha igawanye iwe kati ya 0 na 1. Kwa CBCT, chora histogramu ya kila kituo peke yake kabla ya kuamua mipaka, kwa sababu mashine hazifanani.

Hatua ya 4: Gesi na kibofu

Hapa ndipo kijana alipopoteza muda, na jibu la swali lake liko hapa.

Jozi hizi zimelinganishwa kwa kusogeza na kuzungusha picha nzima tu, bila kuikunja. Nyonga na sakramu vinakaa sawa, lakini CT ilipigwa siku nyingine: kibofu kilikuwa kimejaa, leo ni nusu, puru ilikuwa na gesi, leo ina kinyesi. Ukiufunza mtandao kwa jozi kama hizo, unaufundisha kwamba mahali penye kinyesi panaweza kuwa hewa. Utakutii. Ndiyo ile gesi ya kwenye picha ya skrini.

Wengi hukimbilia kulinganisha kwa kukunja, yaani kuvuta na kuminya picha moja sehemu kwa sehemu mpaka ifanane na nyingine. Ni sawa, ila kwa masharti. Unakunja CT iifuate CBCT, kamwe usigeuze, kwa sababu CBCT ndiyo mwili wa leo. Anza na gridi pana, ukaze polepole. Ukimaliza, kagua vichwa vya mifupa ya paja: vikiwa vimepinda kama viazi, umekaza mno. Piga pia hesabu ya Jacobian, inayoonyesha kila sehemu imetanuka au imeminywa kiasi gani. Ikiwa hasi popote, tishu zimejikunja juu ya zenyewe, tupa matokeo hayo.

Lakini gesi haikunjwi. Kitu ambacho leo hakipo hakiwezi kuvutwa mahali popote. Kwa hiyo itafute katika picha zote mbili: chochote chini ya -300 ndani ya mwili. Hapo kwenye "ndani ya mwili" kuna mtego. Faili ya mask (ramani ya sehemu iliyo mwili) inayokuja na data imetanuliwa kidogo nje ya ngozi, hivyo ukiitumia moja kwa moja utahesabu hewa ya chumba kuwa gesi ya tumbo, na mgonjwa atazungukwa na pete. Tengeneza muhtasari wako: kizingiti, kipande kikubwa kuliko vyote, kisha ziba matundu. Usisahau kuziba, la sivyo gesi yenyewe itahesabika kuwa nje ya mwili.

Kwenye CBCT kingo za gesi huwa na ukungu, basi itanue vokseli (vijichembe vya picha) chache. Mahali ambapo picha moja ina gesi na nyingine haina, paondoe kwenye hesabu ya hasara, yaani namba inayouambia mtandao umekosea kiasi gani. Mtandao usisifiwe wala kuadhibiwa hapo. Michirizi iliyo mbali na gesi iache, hiyo ndiyo tunataka ujifunze kuifuta.

Na kama wewe ndiye uliye kwenye mashine yenyewe, dawa bora iko kabla ya kompyuta: mgonjwa aende haja kubwa, anywe maji, asubiri, ndipo apigwe. Mama aliyetoka Makete kwenda Ocean Road kwa saratani ya shingo ya kizazi aelezwe hilo siku ya kwanza, na maharage ya jioni yaongelewe bila aibu.

Hatua ya 5: Funza

U-Net, vipande vitatu jirani vya picha kama ingizo, hasara ya L1 (wastani wa tofauti bila kujali alama). Tenga data ya mafunzo na ya majaribio kwa mgonjwa, siyo kwa kipande. Hifadhi uzito (namba ambazo mtandao umejifunza) kila mzunguko wa mafunzo, umeme haubishi hodi. CycleGAN, mtandao unaojifunza bila jozi, siipendi kwa kazi ya dozi: picha zake zinavutia, lakini inaweza kubuni tishu.

Hatua ya 6: Pima

Usitoe wastani mmoja wa makosa ya mwili mzima. Pima mkojo peke yake, misuli peke yake, mfupa peke yake. Chora mstari kutoka ubavu hadi ubavu uone kama giza la katikati limeondoka. Kisha kokotoa dozi juu ya picha uliyotengeneza na juu ya CT iliyokunjwa. MatRad, programu ya kukokotoa dozi, ni ya bure na inatosha kwa kujifunza. Kwa mgonjwa halisi, picha hizi haziingii kwenye mpango wa tiba mpaka mwanafizikia na daktari wa kituo wazipime kwa taratibu zao.