Kupata samaki mbichi ukiwa huku Ng'ambo

Mimi nakaa Jang'ombe, upande wa Ng'ambo wa mji wa Unguja, sina gari wala friji. Wenzetu wa Mazizini na Mbweni wana vyote viwili: wakinunua nguru mzima leo, watamla wiki nzima. Kwetu mchuuzi wa baiskeli hupita saa sita, jua la utosi, samaki hana hata kipande cha barafu. Nafanya hivi.

Tafuta majirani wawili au watatu unaowaamini, mchange pesa tangu jana yake. Asubuhi mmoja wenu apande daladala mpaka soko la Darajani, au ateremke Malindi kwenye mnada wa samaki. Peke yako mnadani huwezi kushindana na wachuuzi. Mkichanga mnachukua mtungo mzima wa changu au tasi, mnagawana mlangoni.

Usinunue kabla hujafunua matamvua. Yawe mekundu, jicho liwe limetuna, na ukibonyeza nyama irudi. Kwa jodari na vibua kuwa mkali zaidi: wakishapigwa na jua huwasha mwili, na kupika hakuondoi sumu ile. Mwanangu alivimba uso usiku kucha, ndiyo maana nasema.

Angalia na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo wakati wa mbaamwezi huadimika.

Ukifika nyumbani paa samaki papo hapo, toa matumbo, tia chumvi na ndimu. Wa jioni mkaange mchana huohuo, umtie kwenye mchuzi baadaye.