Somo: panga muziki wa motoka kwenye karatasi kabla ya kununua sabufa

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, mji wa shaba huku Kongo, komine (mtaa) inayoitwa Kenya, na kazi yangu ya kila siku ni mbao. Sabufa (spika ya besi) yangu ya kwanza niliinunua kabla ya kujua itakaa wapi. Fundi mmoja akanikatia bafle (sanduku la sabufa) kwa jicho, lita kama 20, na tundu la kukisia, wakati karatasi ya sabufa ilidai lita 50. Ikawa inanguruma noti moja, kila wimbo noti ileile, na mwezi wa pili koili (waya uliozungushwa ndani ya sabufa) ikanuka kuungua. Ndiyo maana nawaomba muanze na futi na kalamu. Hela itulie mfukoni kwanza.

1. Pima buti. Upana, kimo, kina, halafu mlango wenyewe, maana bafle lazima ipite. Acha nafasi ya jeki na tairi ya akiba. Njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, haiendwi bila tairi ya akiba.

2. Chagua aina. Bafle iliyofungwa kabisa ni ndogo (inchi 12 mara nyingi hutosheka na lita 25 hadi 35), besi yake ni kavu na safi, na inasamehe makosa ya hesabu. Yenye tundu inapiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile, ila ni kubwa na haisamehi. Anayeanza, afunge.

3. Hesabu lita. Hapa msiwe na haraka. Mfano huu ni wa bafle yenye tundu; ukifunga, ruka bomba. Tuseme vipimo vya nje ni sentimita 60 × 36 × 36, mbao ya milimita 18. Kila kipimo toa 3.6 (mbao mbili): ndani inabaki 56.4 × 32.4 × 32.4. Zidisha, gawa kwa 1000, unapata lita 59.2. Sasa toa mwili wa sabufa (kama lita 3), bomba la tundu (3), na mihimili ya ndani (3). Zimebaki lita 50 za kweli.

Urefu wa bomba: 23562.5 mara kipenyo mara kipenyo, gawa kwa (Hz × Hz × lita), kisha toa 0.732 ya kipenyo. Kipenyo ni kwa sentimita, na Hz ni mpigo wa besi unaotaka tundu liusaidie. Kwa bomba la sentimita 10, lita 50 na 35 Hz, jibu ni sentimita 31. Angalia vizuri: kina cha ndani ni 32.4, kwa hiyo bomba likitokea mbele, mwisho wake utakaribia mno ukuta wa nyuma na pumzi itaziba. Litoe ubavuni, lilale nyuma ya sumaku. Kila mdomo wa bomba uachie nafasi isiyopungua kipenyo chake, hata upande wa bodi ya motoka.

4. Unga. Kole (gundi) ya mbao kila kiungo, visi (skrubu) kila sentimita 10 hivi, toboa kwanza ili MDF (mbao ya unga uliogandamizwa) isipasuke. Ikikauka, pitisha silikoni pembe zote za ndani na uache harufu yake iishe kabisa kabla ya kufunga sabufa.

5. Umeme. Ampli (kikuza sauti) ya wati 500 za kweli, aina ya D, inapoteza kama asilimia 20. Basi 500 ÷ 0.8 ÷ 13.8 (volti za motoka) ni ampea 45. Weka fyuzi ya 60, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye batri. Fyuzi inalinda waya: ukikwaruzika kwenye bati bila fyuzi, motoka inashika moto.

Kwa mita 5 chukua waya wa milimita 16 za mraba. Sisi watu wa shaba, na bado madukani tunauziwa aluminiamu iliyopakwa shaba juu juu! Inaniuma kila nikiiona. Kwangua uzi mmoja kwa ncha ya kisu. Ukiona weupe ndani, umejua. Huo si haramu, ila panda hadi milimita 25.

6. Rekebisha. Chomoa sabufa, piga sauti ya 50 Hz, pima volti za AC kwenye ampli. Wati 500 kwa omu 2 (ukinzani wa sabufa) ni volti 31.6. Geuza kitufe cha gain cha ampli polepole. Ukifika hapo, usigeuze tena.

Maswali

*Yaya, niko Likasi. Mvua ikinyesha buti yangu inaingiza maji. MDF itafaa?*
Hapana, itavimba kama mkate. Tumia tripleksi (plaiwudi) nzuri ya milimita 18. Igonge kwa kidole: pakilia mwangwi kuna uwazi ndani, usiichukue. Na ziba mpira wa mlango kwanza.

*Taa zinafifia kila besi ikipiga. Ninunue kapasita?*
Kapasita haizalishi umeme, ndugu. Anza na waya wa chini (ule unaofungwa kwenye bati ya motoka): kwangua rangi mpaka bati ing'ae, kaza boliti. Kisha pima batri injini ikiunguruma na muziki ukipiga. Ikishuka chini ya volti 12.8, altaneta imezidiwa, punguza wati.

*Nina sabufa mbili za omu 4. Ampli yangu inakubali hadi omu 2.*
Ziunge sambamba, chanya kwa chanya, utapata 2. Ukiziunga kwa mfuatano ni 8 na nguvu itapungua sana. Lita pia ni mara mbili, na ukuta katikati.

*Papa, nataka bafle ya faiba ikae kwenye kona ya tairi. Haina pembe, lita nitazipimaje?*
Kabla ya kufunga uso wa mbele, ilaze, ijaze mahindi makavu kwa kopo la lita moja, uhesabu makopo. Faiba ifike walau milimita 6 sehemu zote. Ukiibonyeza na gumba ikalegea, ongeza tabaka hapohapo, kisha pima upya, kwa sababu kila tabaka linakula lita.