ftp_size ikirudisha -1

Kwenye PHP, ftp_size (inayouliza ukubwa wa faili lililo kwenye seva ya FTP) ikishindwa haileti false; inaleta -1. Kwa hiyo ukiweka jibu lake kwenye $ukubwa, if ($ukubwa) inapita bila kelele, na ukurasa unaonyesha faili lenye baiti -1! Linganisha na -1 waziwazi.

Kujua chanzo, iulize seva moja kwa moja: print_r(ftp_raw($conn, 'SIZE picha.zip')), ambapo $conn ni muunganisho wako wa FTP. Jibu la 213 huja na ukubwa wenyewe. Ukipata 550, mara nyingi njia ya faili ndiyo mbovu (angalia ftp_pwd, maana folda unayoanzia huenda siyo unayoidhani), au umeipa folda badala ya faili. 500 au 502: seva haina amri ya SIZE kabisa. Hapo jaribu ftp_mlsd (inaorodhesha faili za folda pamoja na taarifa zake), ipo tangu PHP 7.2, ukitanguliza ftp_pasv($conn, true) ili kuwasha hali ya passive.