Modemu Moja, Kompyuta Mbili: Namna ya Kutafuta Palipokatika

Nyumba nyingi ninazoitwa zina mpangilio huu: modemu ya USB imechomekwa kwenye kompyuta ya sebuleni, inapiga *99# kuingia intaneti, na waya wa mtandao unatoka hapo hadi kompyuta ya chumbani. Intaneti ikigoma, watu wote hukimbilia chumbani kwa sababu huko ndiko malalamiko yanakotoka. Usiiguse ya chumbani kwanza. Anza na ile yenye modemu.

Hatua ya 1: Je, ya sebuleni yenyewe inaingia?

Fungua tovuti yoyote hapo. Ikikataa, angalia bando kabla ya kitu kingine. Nimeshalipwa nauli zaidi ya mara moja kwenda kumwambia mtu anunue vocha. Bando likiwepo, soma namba ya kosa inayotokea wakati wa kupiga.

633 maana yake modemu imeshikwa na programu nyingine. Mara nyingi ni ile programu iliyokuja na modemu, inajifungua yenyewe kompyuta ikiwaka. Ifunge, kisha piga upya. 691 ni jina au neno la siri kukataliwa. Laini nyingi hazihitaji vyote viwili, kwa hiyo jaribu kuacha wazi. Ukipata 619 au 628, shuku APN, yaani jina la lango ambalo laini yako hupitia kuingia intaneti. Ingia kwenye mipangilio ya modemu, sehemu ya amri za ziada za kuanzia, uandike AT+CGDCONT=1,"IP","apn" huku ukiweka APN ya mtandao wako mahali pa hilo neno la mwisho.

Kuna ugonjwa mwingine usiotoa namba ya maana: inaunganishwa, dakika tano inakatika, inaunganishwa tena. Nyumba moja nilibadilisha waya wa mtandao, nikafuta draiva na kuiweka upya, saa mbili zikapita. Kumbe modemu ilikuwa imening'inizwa dirishani kwa waya mwembamba wa kurefusha USB, ili ishike mnara vizuri. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa milliampea 500 tu, na modemu inayohangaika kutafuta mnara hula umeme mwingi. Ule waya ulikuwa unaumeza njiani. Nilichomeka modemu moja kwa moja nyuma ya kompyuta, ikatulia. Tangu siku hiyo, waya wa kurefusha ndio kitu cha kwanza ninachochomoa.

Hatua ya 2: Kugawana intaneti na ya chumbani kumewashwa?

Kwenye ya sebuleni, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, orodha ya miunganisho itafunguka. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya modemu, chagua Properties, halafu Sharing. Kisanduku cha kwanza kiwe na tiki, na chini yake ichaguliwe kadi ya waya unaokwenda chumbani. Ukikuta tiki ipo tayari, usiridhike: iondoe, bonyeza OK, rudi uiweke upya. Inaonekana kama ushirikina lakini inafanya kazi.

Kwenye Windows 10 kugawana huku hufa mara nyingi kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Fungua services.msc kwa njia ileile ya Windows na R, tafuta Internet Connection Sharing, uiweke Automatic. Ikiendelea kufa kila asubuhi, kurudia ile tiki ni kazi ya sekunde kumi.

Hatua ya 3: Sasa nenda chumbani

Fungua cmd, lile dirisha jeusi la amri, andika ipconfig. Anwani kwenye mstari wa IPv4 Address ikianza na 192.168.137, umepewa na kompyuta ya sebuleni, mambo ni mazuri. Kama ya sebuleni ni Windows XP, itakuwa 192.168.0. Ukiona 169.254, kompyuta imejitungia anwani baada ya kukosa wa kuipa: kagua waya, rudia hatua ya 2, na zima kwa muda antivairasi ya sebuleni uone. Ukikuta anwani nyingine kabisa, kuna mtu aliiandika kwa mkono siku za nyuma, irudishe ijitafutie.

Kisha andika ping 8.8.8.8, hiyo ni anwani ya seva ya Google. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki, kilichokufa ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Andika 8.8.8.8 kwenye nafasi ya DNS ya kadi ya chumbani.

Hatua ya 4: Bando linaloisha usiku

Huyu si mchawi. Kompyuta ya chumbani inaona waya tu, inadhani ipo kwenye intaneti isiyo na kikomo, inapakua masasisho ya Windows kwa raha zake. Kwenye Windows 10 ingia Settings, Network, Ethernet, uwashe Metered connection, yaani kuiambia Windows kwamba intaneti hii ina kikomo. Ifanye kwenye kompyuta ya chumbani, hata kama ya sebuleni umeshaiweka. Ya sebuleni haiwezi kumsemea mwenzake.