Kuichambua katuni ya siasa barazani

Kamera ikiwekwa Mkunguni, uwanja wa Lamu, punda hujipitia tu. Kwenye katuni punda hapiti mpaka mtu amchore, kwa hiyo kila kilichomo kimetiwa kwa makusudi. Uchambuzi uanzie hapo.

Kaeni baada ya Isha, watu wasizidi 20. Ukuta wa chokaa ni bora kuliko shuka: upepo wa kusi hulipeperusha, na nyuso mnazotaka kuzisoma zikapindapinda. Hamna ukuta? Fungeni pembe zote 4 na mtie ufito kwenye upindo wa chini.

Msianze na katuni za wagombea wa leo, maana watu watagawanyika kabla hawajatazama. Anzeni na filamu ya katuni Animal Farm, iliyotengenezwa Uingereza na studio ya Halas and Batchelor, ikatoka 1954. Kwanza someni ukurasa wa mwisho wa riwaya ya Orwell, ambayo kwa Kiswahili ni Shamba la Wanyama: nguruwe wanakula karamu na watu, na wanyama wanaochungulia dirishani hawawezi tena kutofautisha nani nguruwe, nani mtu. Kisha onyesheni dakika 10 za mwisho za filamu. Watu wameondolewa karamuni, nguruwe wamebaki peke yao, na wanyama wanawavamia na kuwapindua. Waacheni watazamaji waigundue tofauti hiyo wenyewe. Ndipo muwaambie kuwa fedha zilitoka kwa siri CIA, shirika la ujasusi la Marekani: lawama ya bepari, yaani wale watu, imefutwa, imebaki ya watawala wa kikomunisti, yaani nguruwe, tu. Mkiitaja CIA mapema, watu wataitafuta hiyo wasahau picha.

Rudieni kipande hichohicho bila sauti. Muziki humwambia mtu amhurumie nani kabla hajapima, na ukizimwa ndipo huonekana nani kachorwa mviringo na laini, nani kachorwa kwa ncha kali. Kila mtu aandike kwenye karatasi.

Sasa leteni katuni ya WhatsApp. Maswali ni matatu: nani kalipa, nani hakuchorwa kabisa, na mtazamaji anatakiwa afanye nini akimaliza. La pili ndilo gumu, lipeni muda mrefu zaidi. Mlipaji asipojulikana, andikeni “hajulikani”. Kukisia jina huzua ugomvi na uchambuzi huishia hapo. Wala msiisambaze katuni hiyo hata kwa kuikosoa, kwani wengi wataifungua bila kusoma maelezo yenu.